Uwiano wa sproketi

Uwiano wa sproketi ni idadi ya meno ya sproketi ya nyuma ya pikipiki ikigawanywa kwa idadi ya meno ya sproketi ya mbele. Pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma ina uwiano wa 3.00, maana yake sproketi ya mbele, iliyofungwa kwenye shafti inayotoka katika giaboksi, huzunguka mara 3 ili tairi la nyuma lizunguke mara 1. Hapo ndipo mzunguko wa injini unapopunguzwa kwa mara ya mwisho kabla ya nguvu kufika barabarani. Ndipo pia fundi anapoweza kubadilisha tabia ya pikipiki nzima kwa spana chache, bila kuigusa injini.

Mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam husema sproketi, au spoketi, kwa zote mbili, hivyo hulazimika kuongeza ya mbele au ya nyuma. Katika Kolwezi na miji mingine ya jimbo la Lualaba, nchini Kongo, vipuri huitwa kwa majina ya Kifaransa: ya mbele ni pignon, ya nyuma ni couronne. Majina mawili yana faida ya kweli, kwa sababu vipuri hivi viwili hufanya kazi kinyume. Kuongeza jino mbele huielekeza pikipiki kule kule inakoelekezwa na kupunguza meno nyuma. Mteja anayeomba “sproketi kubwa” bila kusema ni ipi anaweza kurudi nyumbani na pikipiki iliyo kinyume cha aliyoitaka. Neno uwiano huondoa utata huo, kwa kuwa hushika namba zote mbili kwa pamoja. Uwiano ukipanda, gia huwa nzito: pikipiki inavuta vizuri lakini mwendo ni mdogo. Ukishuka, gia huwa nyepesi, injini inazunguka taratibu kwa mwendo ule ule, na nguvu ya kuvuta inapungua.

Pikipiki za sentimita za ujazo 100 hadi 150 zinazobeba abiria na mizigo Afrika ya Mashariki na ya Kati, kama vile TVS, Haojue na Bajaj Boxer, zimetengenezwa kwa ajili ya kazi, kwa hiyo gia zake huegemea uzito. Mtu anayesafiri peke yake kwenye lami huuona upungufu wake upesi. Gia ya mwisho imeshaingia, injini inalia, mpini unatetema mpaka vidole vinakufa ganzi, na bado mguu unatafuta gia nyingine ambayo haipo. Mpanda pikipiki wa namna hiyo hahitaji kasi zaidi. Anachotaka ni mwendo ule ule kwa injini iliyotulia.

Dawa ya kawaida ni jino moja mbele. Kutoka 14 kwenda 15, huku nyuma kukibaki 42, uwiano hushuka kutoka 3.00 hadi 2.80. Injini iliyokuwa ikizunguka mara 6,000 kwa dakika sasa itafikia mwendo ule ule kwa mizunguko 5,600. Anayetaka kupata matokeo hayo kwa kubadilisha nyuma atahitaji kupunguza meno matatu, kutoka 42 hadi 39, na uwiano utakuwa 2.79. Jino moja la mbele, basi, lina uzito wa meno matatu hivi ya nyuma. Ndiyo maana sproketi ya mbele hutumika kwa mabadiliko makubwa, na ya nyuma kwa kusawazisha kidogo kidogo. Tena ya mbele ni ndogo na huwa na bei nafuu, kwa hiyo ndiyo inayofaa kujaribiwa kwanza.

Utulivu huo wa injini una gharama. Katika kila gia, nguvu inayofika kwenye tairi hupungua kwa kiasi kile kile cha uwiano, yaani karibu asilimia 7. Kolwezi gharama hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye hesabu. Mji uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako uzito wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 13, na injini inayovuta hewa bila msaada hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo. Hasara zote mbili zikijumlishwa, pikipiki iliyoongezwa jino Kolwezi huvuta kwa takriban pungufu ya moja ya tano ikilinganishwa na ile ile iliyotoka kiwandani ikiendeshwa Mombasa. Ushauri uliozaliwa pwani haufai kuchukuliwa jinsi ulivyo.

Barabara nayo ina usemi wake. Kutoka Kolwezi kwenda Likasi na Lubumbashi kuna lami, na pikipiki ya mtu mmoja yenye meno 15 mbele husafiri humo kwa starehe. Kuelekea magharibi, kupitia Mutshatsha na Kasaji hadi Kisenge, zaidi ya kilomita 200, hali ni tofauti: sehemu kubwa ni udongo na mchanga, na mvua zikianza madimbwi hushika magurudumu. Katika njia kama hizo za magharibi, magunia ya mkaa, mihogo na mahindi hupanda pikipiki. Dereva aliyebeba gunia na abiria, akiingia mchangani kwa gia nyepesi, atalazimika kuishikilia klachi nusu ili injini isizimike, na sahani za klachi zitaungua mapema. Kwa kazi hiyo uwiano wa kiwandani ndio sahihi, na mara nyingine kupunguza jino mbele, hadi 13, ni uamuzi wa busara zaidi. Uwiano hupanda hapo hadi 3.23.

Hata kwenye lami kuna kikomo. Jino la pili mbele, 16 kwa 42, hushusha uwiano hadi 2.63. Injini ndogo ikikutana na upepo wa mbele haiwezi tena kuivuta gia ya mwisho, na pikipiki hukimbia zaidi katika gia ya nne kuliko ya tano. Ulaji wa mafuta haupungui injini inapolazimishwa namna hiyo, kwa sababu dereva hufungua mkono wote wa mafuta ili kupata mwendo aliokuwa akiupata kwa nusu. Mteremkoni nako injini husaidia breki kidogo kuliko awali.

Kabla ya kufunga, fundi hulinganisha saizi ya cheni. Cheni za 420 na 428 zina umbali ule ule wa milimita 12.7 kati ya pini na pini, lakini hutofautiana kwa upana, hivyo sproketi ya moja haifai kwa nyingine. Huangalia pia kama jino la ziada litagusa kava. Kuongeza jino moja mbele husogeza gurudumu la nyuma mbele kwa milimita 3 hivi, na kwa kawaida nafasi ya kurekebisha ekseli inatosha bila kukata cheni. Baada ya hapo cheni hukazwa tena hadi ilegee kwa kiasi kinachotakiwa, ambacho kwa pikipiki nyingi ndogo ni milimita 20 hadi 30, ikipimwa katikati ya sproketi mbili.

Namba za meno huathiri hata ulaji wa cheni. Kwenye cheni ya pingili 112, sproketi ya meno 14 hugawanyika kamili mara 8, kwa hiyo kila jino hukutana na pingili zile zile nane daima, na kasoro ya moja huchonga nyingine mahali pale pale. Meno 15 hayagawanyiki hivyo, na kila jino huzipitia pingili zote kwa zamu. Faida hiyo hupotea sproketi mpya ikifungwa kwenye cheni iliyokwisha kuvutika: pini zilizolegea hukaa juu ya meno badala ya katikati yake, na sproketi huchongoka mapema. Cheni iliyochakaa hubadilishwa pamoja na sproketi zote mbili.