Vigeu vya Mazingira na Kazi ya Kulaza Data

Anayesikia “vigeu vya mazingira” kwa mara ya kwanza huwaza misitu na tabianchi. Mazingira yanayotajwa hapa ni ya programu inayoendeshwa: majina na thamani zake, ambavyo programu hukabidhiwa inapoanza kazi. Utaratibu huu uliingia na Unix toleo la 7, lililotoka Bell Labs mwaka 1979, na hadi leo programu hurithi nakala ya vigeu vya ile iliyoianzisha. Nalitetea neno “kigeu”: msimbo ni uleule kwenye kompyuta ya fundi na kwenye seva ya wateja, kinachogeuka ni anwani, nywila na poti.

Mipangilio hiyo mara nyingi huandikwa kwanza kwa JSON au YAML, ambako data hukaa kwa ngazi, kundi ndani ya kundi. Faili la .env, ambamo vigeu vya mazingira huandikwa, halijui ngazi. Lina mistari ya JINA=thamani, basi. Kazi ya kutoka huko kuja huku wengi huiita “kubadilisha”, neno pana mno. Napendekeza “kulaza”: data iliyosimama ngazi kwa ngazi inalazwa, na jina linabeba njia yote. Ndani ya “hifadhidata” mna “poti” yenye 5432; ikilazwa inakuwa HIFADHIDATA_POTI=5432.

Shida iko kwenye kistari hicho cha chini. Tuseme kundi “malipo” lina “ada_mwezi”, na kundi jingine, “malipo_ada”, lina “mwezi”. Yote mawili yakilazwa yanazaa MALIPO_ADA_MWEZI, na thamani moja inaifuta nyingine kimyakimya, bila onyo lolote. Ndiyo maana napenda desturi ya .NET ya kutenganisha ngazi kwa vistari viwili: MALIPO__ADA_MWEZI na MALIPO_ADA__MWEZI haviwezi kuchanganywa. Nukta ingesomeka vizuri zaidi, lakini Bash haikubali nukta ndani ya jina la kigeu.

Kinachopotea zaidi ni aina ya data. Katika JSON, 5432 ni namba na false ni jibu la hapana. Katika mazingira kila thamani ni maandishi matupu. Programu ya Python ikisoma TUMA_SMS=false kisha ikaipitisha kwenye bool(), inapata True, kwa kuwa maandishi yoyote yasiyo tupu huhesabiwa kuwa kweli. Mwenye mfumo amezima ujumbe, wateja wanaendelea kuupokea. Anayelaza data lazima akubaliane na msomaji wake namna ya kuandika ndiyo na hapana.

Alama za kunukuu nazo zina mambo yake. Ndani ya .env andika JINA="Duka la Pwani": ganda la Unix likilisoma faili hilo huziondoa alama, lakini amri ya docker run yenye --env-file huziacha ziwe sehemu ya thamani. Faili ni moja, thamani mbili. Kabla ya kuchagua zana ya kulaza data, jua kwanza ni nani atakayelisoma faili.