Uchunguzi wa Maambukizi Fiche ya Kifua Kikuu kwa Watumishi wa Maabara

Mtumishi wa maabara anayepima makohozi anaweza kumaliza siku nzima bila kuonana na mgonjwa hata mmoja, na bado akawa karibu na vimelea vya kifua kikuu kuliko wenzake wengi wa wodini. Hatari inayomkabili imo ndani ya kazi yenyewe. Kufungua kikopo cha sampuli, kuitikisa, kuizungusha kwenye mashine na kuotesha vimelea hurusha hewani chembechembe zisizoonekana kwa macho, ambazo huweza kuvutwa hadi mapafuni.

Si kila anayeambukizwa huugua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa takriban robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa, na kwamba asilimia 5 hadi 10 kati yao ndio watakaougua maishani. Mwenye maambukizi fiche hana dalili na hamwambukizi mtu yeyote, kwa hiyo hakuna sababu ya kitabibu ya kumwondoa kazini. Hata hivyo, uwezekano wa kuugua huwa mkubwa zaidi katika miaka 2 ya mwanzo, na huongezeka sana kwa anayeishi na VVU.

Vipimo vinavyotumika zaidi ni viwili. Katika kipimo cha ngozi, tuberkulini kidogo huchomwa mkononi na uvimbe husomwa baada ya saa 48 hadi 72. Chanjo ya BCG, ambayo nchini Tanzania hutolewa kwa watoto wachanga, inaweza kusababisha uvimbe hata kwa mtu asiyeambukizwa. Kipimo cha damu hakina kasoro hiyo, ila gharama yake ni kubwa. Hakuna kati ya vipimo hivyo kinachoweza kutofautisha maambukizi fiche na ugonjwa wenyewe; ndiyo maana mtumishi huulizwa kwanza kuhusu kikohozi, homa, kupungua uzito na kutokwa jasho usiku, na hupigwa picha ya kifua inapobidi.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni wakati wa kupima. Katika nchi ambayo watu wengi huambukizwa uraiani, majibu chanya ya mtumishi aliyekaa maabara miaka 10 bila kupimwa hayaelezi aliambukizwa wapi. Aliyepimwa siku ya kuajiriwa akakutwa hana maambukizi, kisha akabadilika, ametoa taarifa yenye uzito. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na kwa vipindi baada ya hapo. Kipimo hiki kinastahili kuwamo, na majibu yabaki siri ya mhusika na tabibu wake.

Anayekutwa na maambukizi fiche, baada ya kuthibitika kuwa haumwi, anaweza kupewa tiba kinga: isoniazidi kila siku kwa miezi 6, au isoniazidi pamoja na rifapentini mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Hali ya ini huangaliwa kabla, na unywaji wa pombe wakati wa tiba ni wa kuepukwa.

Watumishi wawili wa chumba kimoja wanapobadilika kwa kipindi kimoja, uchunguzi huhamia kwenye chumba: mtiririko wa hewa katika kabati la usalama, tarehe ya mwisho ya kukaguliwa kwake, na kama barakoa zilizopo zinawakaa sawasawa wanaozivaa.