Dhana na Burhani katika Nambari 4294967297

Nambari 4294967297, ipatikanayo kwa kuzizidisha pamoja mbili 32 na kisha kuongeza moja, si kubwa kwa kipimo cha wanahisabati, lakini yastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake ilidhihirika tofauti iliyopo baina ya dhana nzuri na burhani iliyo kamili.

Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse katika Ufaransa, aliandika mwaka 1640 ya kwamba 3, 5, 17, 257 na 65537, ambazo zote huundwa kwa kanuni hiyo moja, kipeo cha mbili kikiwa 1, 2, 4, 8 na 16, ni nambari tasa, na kwamba zizifuatazo, ya kwanza ikiwa 4294967297 yetu, ni tasa vivyo hivyo. Naye alikiri kuwa burhani hana, ila karibu amesadiki. Alikosea, kwa kuwa 4294967297 si tasa. Wako wanaomtetea kwa kusema kwamba tarakimu kumi zilikuwa mzigo mzito kwa mtu wa zama zile asiye na chombo ila kalamu. Utetezi huo siukubali. Mwaka ule ule Fermat aliivunja nambari iliyo kubwa zaidi, yaani mbili kwa kipeo cha 37 iliyopunguzwa moja, akaiona yagawika kwa 223, akiongozwa na elimu yake ya umbo la lazima la kila kigawo tasa cha nambari ile. Elimu hiyo hiyo, ikielekezwa kwenye 4294967297, yalazimu kwamba kigawo chake tasa chochote, kikipunguzwa moja, kigawike kwa 64 pasipo baki. Na nambari tasa za sifa hiyo, kuanzia chini, ni 193, 257, 449, 577 na 641. Majaribio matano tu yangalitosha. Ufunguo alikuwa nao mkononi, wala mlango hakuujaribu, kwa sababu uzuri wa kanuni ulikwisha kumridhisha.

Mwanahisabati Leonhard Euler, baada ya kuulizwa juu ya dai hilo la Fermat na mwenzake Christian Goldbach kwa barua ya mwaka 1729, alibainisha mwaka 1732 kwamba nambari hiyo ni 641 mara 6700417. Hata kugawa hakuhitajiki ili kuyakinisha jambo hili. Kwa kuwa 640 imepungukiwa na 641 kwa moja, kipeo chake cha nne kikigawiwa kwa 641 hubakisha moja. Na kipeo hicho ni 625 mara mbili kwa kipeo cha 28. Lakini 625 nayo imepungukiwa na 641 kwa 16, ambayo ni mbili kwa kipeo cha nne. Basi mahali pa 625 pakitiwa 16 yenye alama ya kutoa, hulazimu kwamba mbili kwa kipeo cha 32, ikiongezwa moja, haibakishi kitu.

Mifano mitano iliyoafikiana, basi, haikuwa ushahidi wa kuhukumia wa sita. Na tangu siku za Euler hata leo, haijapatikana nambari tasa nyingine katika jamaa ile.