Felti ya maji

Felti ya maji ni ufundi wa kugeuza sufu ya kondoo kuwa kitambaa kizito bila kusokota uzi, bila kufuma na bila kushona. Vinavyohitajika ni maji ya moto, sabuni na mikono. Wanaojifunza ufundi huu kwa kawaida huanzia kwenye vitu vidogo vya kuvaa: shali, kofia, mkoba, viatu vya ndani, au ua la kubandika kifuani.

Yote hutokana na umbile la unyoya wenyewe. Ukitazamwa kwa hadubini, unyoya wa sufu umefunikwa na magamba madogo yaliyopandana, ncha zake zikielekea upande mmoja. Maji ya moto huulainisha na sabuni huupa utelezi. Mkono unaposugua, unyoya husogea kuelekea upande wa shina lake, kwa kuwa magamba huuzuia kurudi. Manyoya mengi yakisogea hivyo hukamatana, na kitambaa husinyaa na kukaza.

Kwa hiyo si kila kondoo anafaa. Kondoo wekundu wa Kimaasai wana nywele fupi, si sufu, na nywele hizo hazitengenezi felti. Sufu ya Afrika Mashariki hutoka zaidi kwa kondoo wa aina ya Merino na Corriedale wanaofugwa nyanda za juu za Kenya. Unyoya wa Merino, ambao huwa mwembamba kiasi cha maikroni 18 hadi 23, hushikamana upesi na hauwashi shingoni. Mnunuzi aepuke sufu iliyotengenezwa kiwandani ili ifuliwe kwa mashine: magamba yake yameondolewa au kufunikwa, na atakayeisugua atachoka bure.

Ufundi huu ni wa wafugaji wa Asia ya Kati tangu kale. Katika makaburi ya Pazyryk kwenye milima ya Altai, yaliyohifadhiwa na barafu kwa zaidi ya miaka 2,000, ilikutwa felti ya rangi ambayo bado haijaoza. Mwanamke aliyefukuliwa mwaka 1993 katika uwanda wa Ukok, kwenye milima hiyohiyo, chini ya uongozi wa mwanaakiolojia Natalia Polosmak, alikuwa amevaa soksi ndefu za felti. Wakirgizi hadi leo huvaa ak-kalpak, kofia ndefu nyeupe ambayo ufundi wake uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2019.

Kwa mwanafunzi, kofia ni mwalimu bora kuliko shali, maana shali husamehe makosa ya vipimo na kofia haisamehi. Kazi huanza na sampuli. Tandaza sufu katika mraba wa sentimita 20, ifanyie felti mpaka ikaze, kisha ipime. Ikibaki sentimita 14, kila kitu lazima kikatwe kikubwa mara 1.43. Kichwa chenye mzunguko wa sentimita 56 huhitaji kofia yenye upana wa 28 ikilazwa, kwa hiyo kiolezo cha plastiki kikatwe kwa upana wa 40. Anayeruka hatua hii hupata kofia ya mtoto, au kapu.

Juu ya kiolezo hutandazwa matabaka membamba ya sufu, la kwanza likilala mlalo na la pili wima, na ncha zinazozidi pembeni hukunjwa upande wa pili. Ukingoni sufu isirundikane, la sivyo kofia itatoka na mshipa usioondoka. Tabaka hufunikwa kwa neti, hunyunyiziwa maji ya sabuni, hukandamizwa hewa itoke, kisha husuguliwa polepole. Hapa ndipo wengi hukosea kwa pupa: wakisugua kwa nguvu mapema, manyoya huhama na kuacha matundu. Mikono iwe myepesi mpaka sufu ikibanwa kwa vidole viwili iinuke yote kama kitambaa kimoja, wala si unyoya mmojammoja.

Baada ya hapo ukingo wa chini hukatwa, kiolezo hutolewa, na nguvu huruhusiwa. Kofia huviringishwa ndani ya mkeka na kubingirishwa mara nyingi. Husinyaa zaidi upande inakobingirishwa, kwa hiyo fundi huigeuza kila mara, na mwishoni huipigapiga mezani. Husuuzwa mpaka sabuni iishe, na tone la siki katika maji ya mwisho huondoa ualkali unaodhoofisha sufu. Huvalishwa kwenye umbo la kichwa, au bakuli lenye ukubwa huohuo, ikaukie hapo.

Shali huweza kufanywa nyepesi kwa mtindo wa nuno, uliobuniwa Australia miaka ya 1990, ambapo sufu husuguliwa juu ya hariri nyembamba mpaka manyoya yapenye upande wa pili. Sufu ikisinyaa, hariri isiyosinyaa hujikunja mikunjo midogo. Vitu hivi vyote hufuliwa kwa mkono katika maji ya uvuguvugu bila kusuguliwa, kwani felti iliyokwisha kuvaliwa bado huendelea kukaza ikikutana na joto na msuguano.