Drili Iliyonifuata Hadi Qantab

Baada ya Asri, jua likishajificha nyuma ya majabali, natandika mkeka barazani na wajukuu zangu watatu wanavua viatu. Qantab ni kijiji cha wavuvi kilichobanwa baina ya mlima mkavu na bahari, hapa hapa Maskati. Upepo ukitoka pwani unaleta harufu ya nyavu. Tunaanza kwa bismillahi. Kisha nawaambia wanuse ua la asumini, yaani wavute pumzi kwa pua taratibu, halafu wazime mshumaa, watoe pumzi kwa mdomo. Mara tano. Yule mdogo, wa miaka sita, mshumaa wake huuzima kwa mate.

Watu wameniuliza yoga ya Wabaniani imeingiaje kwa bibi wa Kiunguja. Swali la haki, nami nimelisomea.

Nilipokuwa mtoto Unguja, kila asubuhi kabla ya darasa tulikuwa na drili. Tulipanga mistari uwanjani: mikono juu, mbele, kando, chini. Mwalimu anahesabu, sisi tunafuata. Siku moja nilisimamishwa juani mpaka kengele ya mapumziko kwa sababu mkono wangu wa kushoto ulichelewa. Nikaichukia drili miaka na miaka. Kumbe hata Waingereza waliotuletea hawakuianzisha wao. Mizizi yake iko Sweden, kwa Per Henrik Ling, aliyefungua chuo cha mazoezi ya viungo Stockholm mwaka 1813. Waingereza waliichukua wakaitia katika skuli zao, kisha wakaipakia merikebuni pamoja na chaki na kengele.

Nilihamia Maskati mwaka 1976. Omani ilikuwa ikijenga skuli mbio mbio, maana kabla ya 1970 nchi nzima ilikuwa na skuli tatu tu za serikali, na wanafunzi kiasi cha 900, wote wavulana. Miaka ya themanini mgongo ulinisumbua, na jirani yangu wa Kihindi, mwalimu, akanikaribisha kwenye mkeka wake. Akasema: inua mikono juu, vuta pumzi. Mwili wangu ukashtuka. Mikono hii naijua! Ilikuwa ile ile ya uwanjani kwetu, ila safari hii hakuna aliyehesabu.

Nilidhani ni mimi tu ninayeota. Baadaye nikasoma habari za Mysore, kusini mwa Bara Hindi. Huko, katika miaka ya 1930, Maharaja Krishnaraja Wodeyar wa Nne alimpa mwalimu T. Krishnamacharya ukumbi wa kufundishia yoga katika jumba lake la Jaganmohan. Wanafunzi wake wengi walikuwa wavulana wa nasaba ya kifalme. Vitabu vya zamani vya yoga vilihimiza zaidi kukaa: Hathapradipika, cha karne ya 15, kinaeleza mikao 15, na mingi ni ya kukaa kitako. Lakini mvulana wa miaka kumi utamkalisha mpaka lini? Krishnamacharya akaunganisha mkao na mkao, pumzi kwa pumzi, mpaka mwili mzima ukawa unakwenda. Mtafiti Mark Singleton, katika kitabu chake cha mwaka 2010, ameeleza jinsi mazoezi ya viungo ya Ulaya, yaliyokwishaenea India wakati huo, yalivyochangia sura hiyo mpya. Wapo wanaompinga, wakionyesha kuwa mikao mingi ina asili ya zamani zaidi. Mimi nazisikiliza pande zote mbili, lakini mikono yangu inamwelekea Singleton.

Mysore haikuwa peke yake. Huko Aundh, pia India, mtawala wake, Bhawanrao Pant Pratinidhi, alikuwa akiwahimiza watoto wa skuli wafanye Surya Namaskar, mfululizo wa kuinama na kuinuka. Kwa hiyo yoga ya watoto si jambo la juzi. Sehemu kubwa ya hii ifanywayo leo duniani ilipikwa kwa ajili ya watoto tangu mwanzo.

Na haikuwa ya upole. B.K.S. Iyengar, aliyekuja kuwa mwalimu mashuhuri wa yoga, alizaliwa mwaka 1918, akakua akiuguaugua, na alipelekwa kwa Krishnamacharya, shemeji yake, angali kijana mdogo. Alikuja kusimulia alivyoamrishwa kupasua miguu mbele ya watu bila maandalizi, akaumia, na maumivu yakadumu. Nikisoma hayo nauona uwanja wetu wa Unguja. Ndiyo maana barazani kwangu mtoto hasukumwi mgongo wala havutwi mguu. Goti likiuma, tunaacha.

Lipo na suala la dini, nami silipuuzi. Surya Namaskar maana yake ni kulisalimu jua, na Mwislamu halisujudii jua. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga yenye ibada na maneno ya Kihindu. India yenyewe, ilipoadhimisha Siku ya Kimataifa ya Yoga kwa mara ya kwanza, tarehe 21 Juni 2015, iliuondoa mfululizo huo katika ratiba rasmi baada ya Waislamu kulalamika. Mimi pia siufundishi. Watoto wangu wana mikao ya paka, kipepeo, mlima na mti, na inawatosha. (Tarehe 21 Juni, lakini! Maskati wakati huo inaungua. Hata barazani hatukai.)

Mti ndio wanaoupenda. Unasimama kwa mguu mmoja, wayo wa pili unauegemeza kwenye shavu la mguu, chini ya goti, kamwe si juu ya goti lenyewe. Viganja vinakutana kifuani. Macho yanashika kitu kimoja.

Jana mdogo alianguka mara tatu.

"Bibi, mie siwezi."

"Unatazama nini?"

"Ile boti."

Boti ilikuwa inarudi na samaki, inapanda na kushuka na mawimbi. Nikamshika mabega, nikamgeuza kidogo, nikamwonyesha mwamba.

Akasimama mpaka nikahesabu kumi, kimoyomoyo.