Kadi Mbili, Daftari Moja

Hapa kambini ukitaja kadi, anayekusikia anafikiria kadi ya mgao kwanza. Ukiongeza kwamba umeona mtu kaunganisha kadi mbili, mama atakuuliza haraka: "Kwani mafuta yameongezwa?" Kadi ninayoiandikia leo ni ya ndani ya kompyuta, ile inayochora picha kwenye skrini. Ila swali la mama ni lile lile: ukiunganisha mbili, unapata mara mbili?

Swali hili lina pesa ndani yake. Mimi ni fundi wa kompyuta, na vijana wa kikundi kimoja cha video wananijia nalo. Wana kompyuta moja ya gemu, ya mtumba, wanatengeneza nayo video za harusi na matanga, na filamu fupi fupi. Wameweka akiba kidogo kidogo. Wamesikia kwamba ukichomeka kadi ya pili ya zamani, inayofanana na ile ya kwanza, kompyuta inapata nguvu mara mbili bila kununua kadi mpya ya bei kali. Hawakuyatunga wenyewe hayo. Kuanzia mwaka 1998 makampuni makubwa yaliuza ahadi hiyo hiyo, yakaiacha, yakairudia. Basi kabla akiba haijatoka, tufuate historia yake.

Tuanze na kazi yenyewe. Picha inayotembea kwenye skrini ni picha nyingi zilizosimama zinazopita haraka haraka. Kila moja inaitwa fremu. Gemu ikitoa fremu 60 kwa sekunde, jicho linaona mwendo laini. Kuchora fremu hizo ndiyo kazi ya kadi ya picha.

Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ya San Jose, California, iliyoanzishwa miaka miwili kabla, ilileta sokoni chipu ya Voodoo Graphics, na gemu za kompyuta zikabadilika sura. Mwaka huo huo wazee wetu wengi walikuwa wanavuka Ziwa Tanganyika kutoka Fizi na Uvira, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Nani angekuwa na nafasi ya kufuatilia habari za gemu?

Mwaka 1998 ikaja Voodoo2, na hapo ndo kadi mbili zilipoanza kushirikiana kwenye kompyuta za nyumbani. Njia yao waliiita SLI. Ilikuwa rahisi kuielewa. Skrini imejengwa kwa mistari mingi ya kulala, mmoja chini ya mwingine. Kadi ya kwanza ilichora mistari ya witiri, yaani wa 1, wa 3, wa 5. Kadi ya pili ilichora ya shufwa, wa 2, wa 4, wa 6. Waya mpana mfupi uliziunganisha ndani ya kasha, na mistari ikachanganywa kuwa picha moja. Tena Voodoo2 ilijua kuchora gemu tu, kwa hiyo ulihitaji bado kadi ya tatu ya kuonyesha mambo ya kawaida ya kompyuta. Ilikuwa anasa ya wenye nazo.

Je, walipata mara mbili? Kwa upande mmoja, karibu. Kadi moja iliishia picha ya nukta 800 kwa 600. Mbili zilifika 1024 kwa 768, na kasi ilipanda kweli. Kwa upande wa kumbukumbu, hapana. Kadi ya megabaiti 12 ilitenga megabaiti 8 kwa ajili ya michoro ya kubandika juu ya vitu: rangi ya ukuta, majani, ngozi ya mtu. Kila kadi ilihitaji michoro hiyo yote kamili, kwa sababu ukuta mmoja unapita kwenye mistari ya witiri na ya shufwa pia. Ukiwa na kadi mbili umelipia megabaiti 16 za michoro, unatumia 8. Shikeni jambo hili, litaturudia.

Kisha njia ikafungwa. Mazabodi, yaani ule ubao mkubwa ambao kila kitu kinachomekwa juu yake, zilianza kuja na tundu jipya la kadi ya picha lililoitwa AGP, na tundu hilo lilikuwa moja tu kwa kila ubao. Makampuni yakajaribu kuweka chipu mbili juu ya kadi moja. ATI walifanya hivyo mwaka 1999, na 3dfx wenyewe mwaka 2000 kwa Voodoo5 5500. Haikuwaokoa. Desemba 2000 3dfx walitangaza kwamba wanauza mali zao kwa mpinzani wao, Nvidia.

Miezi hiyo hiyo ilituhusu sisi wa Kivu kwa njia nyingine. Mwishoni mwa 2000 bei ya tantali ilipanda ghafla duniani, na mwaka uliofuata ikaporomoka. Tantali inatoka kwenye koltani. Inatengenezewa kapasita, vipande vidogo vya kutuliza umeme, na baadhi ya kadi za picha za gemu zimewahi kutumia kapasita za aina hiyo. Aprili 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti iliyoeleza jinsi majeshi na makundi yenye silaha yalivyokuwa yanachuma utajiri wa Kongo, koltani ikiwemo. Simu, kompyuta na vifaa vingine vingi vyote vilikuwa wanunuzi, kwa hiyo gemu peke yake tusiibebeshe mzigo wote. Lakini kadi ya pili ni chipu nyingine, feni nyingine, kapasita nyingine. Tuliolala machimboni au tuliokimbia kwa sababu ya machimbo tuna haki ya kuuliza kama hiyo ya pili inafanya kazi ya kutosha.

Mwaka 2004 Nvidia walilirudisha jina la SLI, kwa sababu tundu jipya, PCI Express, liliruhusu tena kadi mbili kwenye ubao mmoja. Mwaka 2005 ATI wakajibu kwa CrossFire. Safari hii mistari ya witiri na shufwa iliachwa. Njia iliyotawala ilikuwa kupokezana fremu nzima: kadi ya kwanza inachora fremu ya 1, ya pili fremu ya 2, ya kwanza inarudi na ya 3. Kwenye majaribio namba zilipendeza. Kumbukumbu, kama kawaida, haikujumlishwa.

Halafu watu wakaanza kulalamika kwamba kompyuta inasema fremu 60 kwa sekunde, lakini macho yanaona mikwaruzo. Kumbe namba ilikuwa ya wastani. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu ije baada ya milisekunde 16 au 17. Kadi mbili zisipopangwa vizuri, fremu moja inaweza kuja baada ya milisekunde 5 na inayofuata baada ya 28. Ukijumlisha na kugawa, wastani ni mzuri kabisa. Anayecheza anaona kigugumizi. Kati ya 2011 na 2013 wapimaji walianza kupima fremu moja moja badala ya wastani, na mwaka 2013 AMD, ambao walishainunua ATI, walitoa draiva ya kusawazisha mwendo huo. Wenzetu wa mashirika wanaoandika ripoti za wastani wa huduma watalielewa hili haraka kuliko mtu yeyote.

Tatizo kubwa zaidi lilikuja na gemu mpya. Fikiria siku ya mgao: madirisha mawili yamefunguliwa, lakini daftari la majina ni moja. Wa dirisha la pili hawezi kukuhudumia mpaka wa kwanza amalize kuandika, maana lazima ajue umeshachukua au bado. Foleni zinaonekana mbili, mwendo ni wa foleni moja. Gemu za siku hizi ziko hivyo. Kuchora fremu ya 2 wanatumia mabaki ya fremu ya 1 ili picha iwe laini. Sasa kadi ya pili itaanzaje kama ya kwanza haijamaliza?

Na nani alikuwa anatunza daftari? Mwanzoni ni watengenezaji wa kadi. Waliandika maelekezo ndani ya draiva kwa kila gemu, moja baada ya nyingine. Mwaka 2015 ikaja DirectX 12, ambayo iliwapa watengenezaji wa gemu uwezo wa kuzipanga kadi wenyewe. Ukipewa uwezo umepewa na kazi. Wachache waliifanya, gemu ya Ashes of the Singularity ya 2016 iliweza hata kuunganisha kadi ya Nvidia na ya AMD pamoja. Wengi waliona wateja wenye kadi mbili ni wachache mno, wakaacha. Mwaka 2020 Nvidia walitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2021 hawataongeza tena maelekezo ya gemu mpya kwenye draiva. Kwa upande wa gemu, historia inaishia hapo.

Lakini kadi mbili zilikuwa zimeshafanya kazi yao kubwa kuliko zote, nje ya gemu kabisa. Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Toronto, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton walitaka kuifundisha kompyuta kutambua vitu kwenye picha milioni 1.2. Walichukua kadi mbili za gemu, GTX 580, kila moja gigabaiti 3. Mtandao wao haukuenea ndani ya kadi moja, basi wakaukata katikati: nusu huku, nusu kule. Na hapa ndipo akili yao ilipo: walipanga nusu hizo zikutane kwenye tabaka chache tu, sehemu nyingine kila kadi iendelee na kazi yake. Baada ya siku tano au sita ilikuwa imejifunza. Makosa yake yalikuwa asilimia 15.3, na aliyewafuata kwenye shindano alikuwa na 26.2. Akili mnemba inayozungumzwa sasa hivi kila mahali ilipata msukumo mkubwa pale. Kufikia 2016 Nvidia walikuwa wanauza mashine ya DGX-1 yenye chipu nane ndani yake.

Ukizilinganisha habari hizi mbili, vifaa ni vya aina moja. Wa Toronto waliigawa kazi yenyewe kabla hawajawasha mashine, na kila kadi ilibeba kitu ambacho mwenzake hana. Kwenye gemu kila kadi ilibeba kila kitu, halafu ikasubiri zamu.

Kwa hiyo vijana nimewaambia hivi. Kama kazi kubwa ni gemu, kadi ya pili ya mtumba itakuwa pambo lenye feni. Kama ni kukata na kuunganisha video, programu nyingi zinategemea zaidi kadi moja nzuri. Someni maelezo ya programu yenu kabla ya kulipa. Kama mnaingia kwenye katuni za Blender, ambayo ni ya bure, hapo kadi ya pili ina kazi, kwa sababu kila kadi inaweza kupewa sehemu yake ya picha bila kumngoja mwenzake. Ila mandhari yote lazima yaenee kwenye kumbukumbu ya kila kadi: gigabaiti 4 na 4 bado ni 4.

Na umeme msiusahau. GTX 580 moja inakula hadi wati 244. Mbili ni karibu 490 kabla hujahesabu kompyuta yenyewe, na sola tunazijua zinavyochoka saa kumi jioni. Andikeni kazi mnazofanya kwa mwezi mzima, halafu tukae pamoja tuhesabu. Akiba ni yenu.