Vumbi la Mbao: Kutoka Kinu cha Unga Hadi Karakana ya Nyumbani

Leo tunazungumza juu ya vumbi la mbao. Katika mitaa yetu maseremala wengi hufanyia kazi uani, hatua chache tu kutoka pale mtoto anapolala. Baba akipiga msasa mchana, mama hufuta meza jioni, na asubuhi anaikuta ina vumbi tena. Wengi hudhani ni vumbi la barabara. Hebu tuone jinsi watu walivyolijua vumbi hili na jinsi walivyojaribu kulitenga na hewa.

Mwaka 1700 daktari mmoja Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Aliandika habari za wasaga unga, waokaji mikate na wapepeta nafaka, watu waliokuwa wakikohoa na kukosa pumzi kwa ajili ya vumbi. Aliwashauri madaktari wenzake wamuulize kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Mama, ukimpeleka mtoto zahanati na kikohozi kisichoisha, usingoje kuulizwa. Sema mwenyewe kwamba kuna karakana nyumbani.

Lakini wenye viwanda hawakuamshwa na kikohozi. Waliamshwa na moto. Tarehe 2 Mei 1878, mjini Minneapolis huko Marekani, kinu kikubwa cha ngano kilichoitwa Washburn A kililipuka kwa sababu ya vumbi la unga lililokuwa hewani, na watu 18 wakafa. Vumbi la mbao nalo hulipuka vivyo hivyo likijaa hewani na kupata cheche.

Mwaka 1885 Mmarekani John M. Finch alipewa hataza ya chombo cha kukusanya vumbi, ambacho leo huitwa saikloni. Ni kama faneli kubwa yenye kifuniko. Hewa yenye vumbi huingizwa kwa ubavuni, nayo huzunguka kwa kasi kama kimbunga. Vumbi zito hutupwa ukutani, huteleza hadi chini na kuanguka ndani ya pipa. Hewa iliyopungua vumbi hugeuka na kupanda juu kupitia bomba la katikati. Hakuna kitambaa cha kuziba. Baadaye viwanda vya mbao navyo vilijenga faneli hizo, zikaonekana juu ya mapaa.

Sasa tufike kwenye kasoro yake, maana ndiyo inayotuhusu sisi. Chembe kubwa ni nzito, kwa hiyo zikizungushwa hutupwa nje. Chembe ndogo sana ni nyepesi, hufuata hewa inakokwenda na kutoka nayo. Unywele mmoja una upana wa mikroni 70 hivi. Chembe zilizo chini ya mikroni 10 hupita puani na kooni, na zile zilizo chini ya 2.5 hufika ndani kabisa ya mapafu. Hizi huwezi kuziona, nazo huelea hewani kwa saa nyingi baada ya mashine kuzimwa. Kwa hiyo sakafu inaweza kuwa safi kabisa na hewa ikawa chafu.

Mwaka 1951 mhandisi Mwingereza C. J. Stairmand alichapisha vipimo vya saikloni iliyokamata chembe ndogo vizuri zaidi. Ilikuwa ndefu na nyembamba: kimo mara nne ya upana wake, na bomba la kutolea hewa nusu ya upana huo. Mzunguko ukiwa mwembamba, vumbi husukumwa ukutani kwa nguvu zaidi.

Katika miaka ya 1960 daktari wa masikio, pua na koo aitwaye Esme Hadfield alikuwa akitibu watu wa High Wycombe, mji wa Uingereza uliojulikana kwa kutengeneza viti. Aliona saratani ya ndani ya pua, ugonjwa wa nadra, ikiwapata maseremala mara nyingi kupita kawaida. Mwaka 1968 yeye na wenzake walichapisha utafiti wao katika jarida la madaktari wa Uingereza. Wengi wa wagonjwa walikuwa wamevuta vumbi hilo kwa miaka mingi kabla ugonjwa haujajitokeza. Hata hivyo ilipita miaka 27 hadi shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilipotangaza mwaka 1995 kwamba vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu. Kwa maoni yangu huko ni kuchelewa mno.

Saikloni ikaingia nyumbani pia. Mwingereza James Dyson aliiona kwenye kiwanda cha mbao, akatengeneza vielelezo 5,127 hadi akapata mashine ya kufagia isiyo na mfuko. Mafundi nao huweka faneli ndogo juu ya pipa, kabla ya mashine ya kuvuta vumbi, ili kichujio kisizibe upesi.

Nimeona moja uani kwa jirani. Faneli ilikuwa nzuri, lakini kifuniko cha pipa kilikuwa na ufa. Ufa huo huharibu kazi yote, kwani hewa inayoingia kwa chini huinua vumbi na kulirudisha juu. Pipa likijaa mno hali ni hiyo hiyo. Na hewa inayotoka ni lazima ipite kwenye kichujio cha chembe ndogo. Mfuko mwepesi wa kitambaa huzuia maranda, ila vumbi laini hupenya na kurudi pale pale uani. Afadhali kichujio kile cha kiwango cha HEPA, kinachokamata asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Kama hakipatikani, basi hewa hiyo ielekezwe mbali na dirisha na milango ya nyumba.

Kumwaga pipa pia kuna wakati wake: nje, watoto wakiwa mbali, mwagaji amevaa barakoa inayobana usoni. Nguo za kazi zivuliwe mlangoni kabla ya kumpakata mtoto, na meza ifutwe kwa kitambaa kibichi.